Pilipili ya Sichuan bustanini: kwa nini hunyauka, kwa nini haizai

Wateja hutuuliza: kichaka kilikuwa na majani mazuri, kinamwagiliwa kila siku, mbona kimenyauka ghafla? Mara nyingi kilichokiua ni huko kumwagilia kila siku.

Pilipili hii, kiungo cha Asia ya Mashariki kinachotia ulimi ganzi, haina undugu na pilipili manga wala pilipili kali. Iko katika ukoo wa ndimu na machungwa. Mizizi yake hutambaa juujuu, na maji yakituama huoza. Mmea wenye mizizi iliyooza hulegea kama wenye kiu, mwenye bustani anaongeza maji, na hapo kazi imeisha. Kabla ya kupanda, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakinywea lijaze tena. Maji ya pili yakikaa zaidi ya saa 4, tafuta pengine au inua tuta la sentimita 30.

Shimo la kupandia liwe na upana mara mbili ya bonge la udongo lenye mizizi, lakini lisilizidi kina. Usilivunje bonge hilo. Chagua mahali pa kudumu, mbali na njia kwa sababu ya miiba, maana kichaka kikubwa kikihamishwa hupona kwa nadra. Weka matandazo ya sentimita 5 bila kugusa shina, na upalilie kwa mkono. Jembe hukata mizizi.

Kutozaa ni habari nyingine. Aina ya Kijapani, Zanthoxylum piperitum, kwa kawaida ina miti dume na miti jike, na jike bila dume jirani hazai vizuri. Zanthoxylum bungeanum ya China ni tofauti: jike hutunga mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo mti mmoja unatosha. Muulize muuzaji jina kamili kabla ya kulipa. Mche wa mbegu haujulikani ni dume au jike mpaka uchanue, na hiyo ni miaka kadhaa. Ndiyo maana tunapendekeza mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kitawi cha mti jike.

Ukitaka mbegu hata hivyo, usichukue za kwenye kopo la viungo: zimekauka mno. Chukua mbegu mbichi, zisugue kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya ganda, zichanganye na mchanga wenye unyevu, kisha zikae kwenye friji miezi 3.

Mmea huu ni wa nchi zenye majira ya baridi. Hupukutisha majani yote, na wengi huung'oa wakidhani umekufa. Kwaruza gome kwa kucha kwanza. Kukiwa na kijani chini yake, uache.

Viwavi wanaokula majani ya michungwa huupenda pia, na mche mdogo huweza kubaki vijiti kwa siku chache. Waokote kwa mkono. Sumu hatuishauri, kwa kuwa majani machanga ni kiungo pia.

Vuna matunda yakiwa mekundu na machache yameanza kupasuka. Kata vishada kwa mkasi umande ukishakauka, vianike kivulini penye hewa mpaka maganda yafunguke, kisha pepeta. Mbegu nyeusi zitupwe, kwani hukwaruza meno kama mchanga. Ladha na ganzi vimo kwenye ganda. Hifadhi maganda mazima kwenye chupa isiyopitisha hewa, na usage tu yale unayopikia siku hiyo.