Usiimwage hiyo ramu

Neema dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na nakusihi usiimwage hiyo chupa ya ramu ya Smith & Cross. Harufu unayoilalamikia, ya ndizi na nanasi vilivyoiva kupita kiasi, pamoja na gundi kwa mbali, si kasoro. Wenyewe Jamaika huihangaikia ipatikane.

Pale Hampden, kiwanda cha Trelawny huko Jamaika inakotoka ramu yako, molasi haitiwi hamira ya dukani. Huachwa kwenye mapipa ya mbao ichachuke kwa chachu za hapo hapo kiwandani, wiki moja, mbili, hata zaidi. Hutiwa pia dunda, yaani mabaki ya chunguni ya mkeneko uliopita, makali kwa asidi. Asidi zikiungana na alkoholi huzaa esta, na esta ndizo zinazonukia. Kisha hukenekwa katika chungu kikubwa cha shaba, mvuke ukipitia vyungu viwili vidogo kabla ya kupozwa. Mtambo wa mnara, ule unaokeneka mfululizo, ungeziondoa nyingi kati ya harufu hizo, chungu huziacha. Zipo ramu za huko zinazokaribia gramu 1,600 za esta kwa kila hektolita (lita 100) ya alkoholi tupu! Hizo Wajerumani walikuwa wakizinunua ili kidogo tu kitie ladha alkoholi isiyo na ladha yoyote.

Yako si kali kiasi hicho, ila ina asilimia 57, kwa hiyo ikoroge na barafu bila haraka. Anza na kokteli iitwayo Kingston Negroni: mililita 30 za ramu, 30 za Campari (kileo chekundu kichungu cha Italia), 30 za vermut nyekundu tamu (divai iliyotiwa mitishamba), na ganda la chungwa juu. Uchungu wa Campari huzimeza ramu nyingi, lakini hii haimezeki. Mimi sijaonja kokteli inayoitendea haki zaidi.

Ukishaizoea, jaribu kokteli ya Mai Tai. Victor Bergeron, mwenye baa ya Trader Vic's, alipoibuni Oakland, Marekani, mwaka 1944 alitumia ramu ya Jamaika ya miaka 17, ndimu, kurasao (kileo kitamu cha maganda ya chungwa) na shira ya lozi. Juisi ya nanasi hakutia, nawe usitie, maana nanasi limo tayari ndani ya ramu. Shira itengeneze mwenyewe: loweka lozi, zisage, chuja kwa kitambaa safi, yeyusha sukari humo, malizia na tone la maji ya waridi. Ya dukani huwa tamu mno, ndimu haiiwezi.

Niandikie ukishaonja.

Wako,
Baraka