Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya robo mwaka vilifanyika, jarida lilitoka mara mbili, na semina ya kusoma takwimu za elimu ilifana kwa waliokuja. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Nije kwenye jambo lililosemwa zaidi pembeni kuliko kikaoni: hatua yangu ya kuliondoa jaridani jedwali la walimu wanaume wa sekondari, nchi kwa nchi. Imesemwa mwenyekiti kafuta jasho la watu la miezi saba. Sikufuta. Nilisimamisha, kwa mamlaka ninayopewa na katiba yetu, na kamati niliijulisha siku ya tatu yake.

Jedwali lile lilipanga nchi kwa idadi tupu. Nchi zenye watu wengi zikajazana juu, ndogo zikazama chini, kana kwamba tulikuwa tunahesabu raia. Utafiti wa kimataifa kuhusu walimu, TALIS, wa OECD (shirika la nchi kadhaa la ushirikiano wa kiuchumi), wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika sekondari ya chini wanawake walikuwa asilimia 42 ya walimu Japani, na asilimia 89 Latvia. Yaani wanaume ni 58 huku, 11 kule. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na jedwali letu liliimeza. Kwa idadi, Japani ingeishinda Latvia hata kama walimu wote wa Latvia wangekuwa wanaume.

Kosa la pili nililigundua mimi, usiku wa manane, na nalitaja kwa kuwa muhtasari haukuandika ni nani aliyeligundua. Safu ya wanaume ilipatikana kwa kutoa wanawake kwenye jumla. Sawa. Lakini kwa nchi kadhaa jumla ilikuwa ya mwaka mmoja na asilimia ya wanawake ya mwaka mwingine. Hapo unapata walimu ambao hawajawahi kuwapo.

Halafu sekondari yenyewe ni ipi? Mwalimu wa darasa la 5 katika majimbo mengi ya Ujerumani huhesabiwa wa sekondari. Japani, wa darasa hilohilo ni wa msingi. Tena uainishaji wa UNESCO wa ngazi za elimu, ISCED wa mwaka 2011, unatenga ngazi ya 2, sekondari ya chini, na ya 3, sekondari ya juu. Sisi tulizichanganya, ilhali katika nchi nyingi sehemu ya wanaume hukua kadiri ngazi inavyopanda. Ningeliachia lipite, leo mngeniuliza mwenyekiti alikuwa wapi.

Mjumbe mmoja alisema asilimia nayo hudanganya: ya wanaume yaweza kupanda kwa sababu tu wanawake wameacha kazi. Ni kweli, na nilimwambia hivyo. Ndipo nikapendekeza safu zote mbili, idadi na asilimia, kila ngazi peke yake. Pendekezo halikupigiwa kura kwa kuwa akidi haikutimia.

Tufike hapo basi. Tuko 64. Kikao kile walikuja 14, wawili wakiaga kabla ya chai. Ada ya mwaka wamelipa 27, na 37 bado, wakiwamo baadhi ya waliopaza sauti zaidi kuhusu jedwali. Sitaji majina, daftari la mweka hazina liko wazi kwa kila mwanachama. Jarida la pili lilichapwa kwa fedha niliyoikopesha chama mwenyewe, na sijaidai mpaka leo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kulirudia jedwali hilo kwa utaratibu niliotaja, na pengine kuongeza walimu wa msingi. Kamati ndogo itaundwa tukipata watu wa kuikalia. Walioandaa jedwali la kwanza wanakaribishwa, na nawashukuru kwa kazi yao, ambayo narudia kwamba sikuifuta.

Fomu za ada ziko kwa katibu, mezani karibu na mlango.

Mwenyekiti