Walimu wa programu wasiiruke bafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba kompyuta za madukani humeza mauzo kila umeme unapokatika, na kwamba dawa ni kila mwenye duka kununua betri kubwa zaidi. Betri ni kitu kizuri na sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni namna alivyoutambua ugonjwa wenyewe. Mara nyingi mauzo yanayodaiwa kumezwa huwa hayajafika kabisa kwenye diski, kwa sababu aliyeandika programu hakujua kwamba kati ya amri yake ya kuandika na diski kuna kituo cha kusubiria kiitwacho bafa. Hakujua kwa kuwa sisi tuliomfundisha tulikiruka kituo hicho. Mimi hufundisha C++, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, katika chuo cha ufundi, hivyo lawama hii naanza kujitwika mwenyewe.

Mwaka jana shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliniita baada ya umeme kukatika saa tano asubuhi. Alikuwa amekwisha kutoa stakabadhi kama 90, lakini kompyuta ilipowashwa tena faili la mauzo ya siku hiyo lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Fundi aliyemwandikia programu alimwambia kuwa ni virusi. Nilipoufungua msimbo nikakuta kwamba programu ilikuwa ikilifungua faili asubuhi, ikiandika mstari mmoja wenye herufi kama 60 kwa kila mauzo, na kulifunga jioni. Mauzo 90 ni herufi 5400 hivi, na bafa ambayo maktaba ya GNU (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu huuazima) hulitengea faili kwenye Linux ina nafasi ya baiti zipatazo 8192, herufi ya kawaida ikichukua baiti moja. Bafa haikuwa imejaa, na hakuna mstari hata mmoja katika programu ulioiamuru iondoke na mzigo wake. Kwa hiyo biashara ya asubuhi nzima ilikuwa imekaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ulipokwenda ikaenda nao.

Msomaji ana haki ya kuuliza kituo hicho kimewekwa cha nini. Programu haigusi diski, kibodi wala mtandao moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoisimamia kompyuta, uifanyie kazi hiyo, na ombi moja la namna hiyo ni ghali mno likilinganishwa na kuweka herufi moja kwenye kumbukumbu. Faili la herufi 1,000,000 likiandikwa herufi moja moja bila bafa litadai maombi 1,000,000. Likipitia bafa ya baiti 8192 litadai maombi 123. Ndiyo maana daladala haiondoki Mwenge na abiria mmoja. Kondakta husubiri ijae, au trafiki aje amfukuze kituoni, na abiria aliyekwisha kulipa nauli hawezi kumpigia mkewe simu kumwambia kwamba amefika Posta. Fundi wa shemeji yangu alikuwa amempigia simu hiyo kila mteja aliyepewa stakabadhi.

Katika C++ kituo hiki kina klasi yake (fungu la data pamoja na kazi zake), iitwayo streambuf. Mikondo ya kwanza ya lugha hiyo, yaani njia ambazo herufi hupitia kuingia na kutoka katika programu, iliundwa na Bjarne Stroustrup katika maabara ya Bell, Marekani. Jerry Schwarz akaisanifu upya kwa ajili ya toleo la 2.0 la mwaka 1989, na kiwango cha kimataifa cha mwaka 1998 kikaifanya kuwa kiolezo kinachokubali aina zaidi ya moja ya herufi. Katika usanifu huo kazi iligawanywa kwa watu wawili. Mkondo wenyewe, kama cout unaoandika kwenye skrini, ni karani: unajua kuigeuza namba 4500 iwe herufi nne na unajua ziandikwe desimali ngapi, lakini haujui herufi hizo zinaelekea wapi. Streambuf ni mchukuzi: namba haijui, anachojua ni kupokea herufi na kuzifikisha. Mchukuzi wa mafaili huitwa filebuf, na yule anayebeba herufi ndani ya kumbukumbu tu huitwa stringbuf. Karani anaweza kubadilishiwa mchukuzi katikati ya kazi asitambue chochote, ingawa anayembadilishia na kusahau kumrudishia yule wa kwanza atashangaa programu yake ikianguka wakati wa kufunga, kwa kuwa cout itakuwa ikimkabidhi mzigo mchukuzi aliyekwisha kuondoka duniani.

Ndani ya streambuf mna vielekezi sita, yaani alama za mahali kwenye kumbukumbu, vitatu vya kusomea na vitatu vya kuandikia. (Majina yake, eback, gptr, egptr na wenzake, yanafanana na majina ya dawa za mifugo, na nadhani yamewafukuza wanafunzi wengi kuliko ugumu wa somo lenyewe.) Katika kila kundi kielekezi kimoja huonyesha mwanzo wa eneo, kingine mahali tulipofikia, na cha tatu mwisho wake. Kuandika herufi ni kuiweka pale kielekezi cha kati kinapoonyesha na kukisogeza hatua moja, basi. Mfumo endeshi hauombwi chochote. Kielekezi hicho kinapogota mwisho ndipo huitwa funkisheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake maalumu) iitwayo overflow, ambayo kazi yake ni kuupeleka mzigo uliokusanyika na kurudisha nafasi. Klasi zinazorithi streambuf, yaani zinazojengwa juu yake, huruhusiwa kuiandika upya overflow zipendavyo, lakini ile njia fupi ya kuweka herufi na kusogeza kielekezi haiguswi. Hivyo tendo linalofanyika mara milioni ni jepesi, na lile linalofanyika mara mia ndilo linalobeba tofauti kati ya faili, mtandao na printa. Katika maktaba zote ninazofundisha sijaona mgawanyo wa kazi uliofikiriwa vizuri kuliko huu.

Upande wa kusoma hufanana na tangi la maji la nyumbani. Unapofungua bomba hulipigii simu boza. Unachota kwenye tangi, na boza huitwa pale tu tangi linapokauka. Boza hilo ndilo funkisheni ya underflow, ambayo huuomba mfumo endeshi shehena nyingine ya herufi na kuvirudisha vielekezi mahali pake. Lakini streambuf ina jambo moja ambalo tangi halina: herufi inayofuata inaweza kuchunguliwa bila kuchotwa. Funkisheni ya sgetc huitazama na kuiacha palepale, na sbumpc huitazama na kuichukua. Tofauti hii, ambayo wengi huiona ndogo, ndiyo inayouwezesha mkondo kusoma bei iliyoandikwa 4500/= kama tunavyoiandika sisi. Mkondo huchukua tarakimu nne, huchungulia na kuona mkwaju, hujua kwamba namba imekwisha, na huuacha mkwaju kwenye bafa kwa yeyote atakayesoma baada yake.

Hapo ndipo lilipo pia kosa ninalokutana nalo kila muhula. Mwanafunzi huandika programu inayouliza umri kwa cin, mkondo wa kusoma kibodi, na kisha jina kamili kwa getline, inayosoma mstari mzima. Huingiza 19, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na programu huruka swali la jina kana kwamba limekwisha kujibiwa. Mwanafunzi hudhani kwamba kibodi ni mbovu. Kilichotokea ni kwamba msomaji wa namba alichukua 1 na 9, akachungulia, akakuta alama ya mstari mpya na kuiacha kwenye bafa. Getline ilipofika ikaikuta alama hiyo mlangoni, ikaamini kwamba imepewa mstari mtupu, ikaondoka. Nimewahi kumsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi aongeze cin.ignore(), agizo la kutupa herufi moja inayofuata kwenye bafa, "ili ikubali". Inakubali kweli, lakini mwanafunzi huondoka na hirizi mfukoni badala ya elimu, na siku atakapoliweka agizo hilo mahali ambapo hakuna mabaki ya kuondoa, litaila herufi ya kwanza ya jina la mteja.

Kuna kosa jingine, adimu zaidi lakini baya. Funkisheni za kusoma herufi moja hurudisha namba ya aina ya int, yenye nafasi kubwa kuliko baiti moja, kwa sababu baiti ina thamani 256 na zote zinaweza kuwa data halali, hivyo habari ya kwamba faili limekwisha huhitaji thamani ya ziada, ya 257 kwa hesabu. Anayeibana namba hiyo ndani ya char, yenye nafasi ya baiti moja tu, kabla ya kuipima atafaulu kwa maandishi ya kawaida miaka mingi, mpaka asome picha yenye baiti ya thamani 255, na katika mashine nyingi programu itatangaza mwisho wa faili katikati ya picha.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya shemeji yangu ilikuwa kuweka endl mwishoni mwa kila mstari. Kwa duka lake ingesaidia kiasi, lakini vitabu vingi vya kwanza humfundisha mwanafunzi kuandika endl kana kwamba ni nukta ya mwisho wa sentensi, bila kumwambia kwamba endl hufanya mambo mawili: huweka alama ya mstari mpya, kisha huilazimisha bafa iondoke hata kama ina abiria mmoja. Programu inayoandika mistari 1,000,000 kwenye faili kwa namna hiyo hurudi karibu na gharama tuliyoikimbia. Waliosanifu maktaba waliliona jambo hili. Mkondo wa makosa, cerr, huondoka kila baada ya kuandikiwa, kwa kuwa ujumbe wa kosa haupaswi kufa pamoja na programu. Mwenzake clog husubiri. Nayo cin imefungwa kamba na cout, ili swali lionekane kwenye skrini kabla programu haijaanza kungoja jibu. Mwanafunzi asiyejua kamba hiyo ataweka endl baada ya kila swali maisha yake yote.

Ndugu Mhariri, jambo moja linakugusa wewe moja kwa moja. Streambuf ya kawaida huhesabu baiti, haihesabu herufi kama zisomwavyo na binadamu. Kiswahili cha herufi za Kirumi kina bahati, kwani karibu kila herufi yake hutosha katika baiti moja. Lakini ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe, huchukua baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kuziwakilisha herufi kwa baiti, hivyo neno ng’ombe lenye alama saba hubeba baiti tisa. Programu inayodhani kwamba mwisho wa bafa ni mwisho wa herufi inaweza kuikata ritifaa hiyo vipande viwili, na kila kipande kikichakatwa peke yake hutoka takataka. Anayetaka kuziingiza tenzi zetu za kale kwa hati zake za Kiarabu atakutana na tatizo hilo katika kila neno, maana kila herufi huko ni baiti mbili.

Nirudi dukani, kwa sababu kuilazimisha bafa iondoke nako hakukutosha. Bafa inapoondoka, mzigo hukabidhiwa mfumo endeshi, nao una bafa yake. Programu ikianguka yenyewe, mzigo uliokwisha kukabidhiwa uko salama. Umeme ukikatika unaweza kupotea bado. Kwenye Linux kuna wito wa fsync unaosubiri mpaka diski ipokee, lakini kiwango cha C++ hakina agizo la namna hiyo, na hadi toleo la C++23 filebuf haikutoa njia rasmi ya kulifikia faili kwa ajili yake. Nikaandika klasi yangu inayorithi streambuf, haikufika mistari 40: overflow yake hupeleka mzigo, na sync yake, funkisheni inayoitwa bafa inapoamriwa iondoke, huupeleka na kisha kuita fsync, ikirudisha hasi moja endapo diski imekataa, ili mkondo ujue umeharibika na stakabadhi isichapwe. Katika programu ya fundi yule nilibadilisha mahali mkondo unapofunguliwa na kuongeza agizo la kuondoka baada ya kila mauzo. Sehemu zote zinazopanga bei, majina na tarehe sikuzigusa, kwa kuwa karani hakuwahi kujua mchukuzi wake ni nani. Tulichomoa waya ukutani makusudi mara kadhaa, na kila mauzo yaliyokuwa na stakabadhi yalikutwa kwenye faili. Duka linalouza kitu kila baada ya dakika mbili haliwezi kuihisi gharama ya kusubiri diski.

Ninachowaomba walimu wenzangu na watungaji wa mitaala ni wiki moja katika muhula wa kwanza, kabla endl haijawa mazoea, ambamo mwanafunzi atachora vile vielekezi sita kwenye karatasi na kuvisogeza kwa penseli, kisha aandike streambuf yake mwenyewe, hata kama itakuwa ya kuhesabu mistari tu. Wanafunzi wangu muhula huu wameanza na programu ya mauzo 90, kompyuta moja kuukuu isiyo na betri, na ruhusa ya kuchomoa waya.

Wako,
Mwalimu wa programu,
Morogoro