Incesticide haistahili kupuuzwa

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa muziki ameiita Incesticide, albamu ya mkusanyiko iliyotolewa na Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, Desemba 1992, mabaki ya studio, nami naomba kutofautiana naye. Nyimbo zilizorekodiwa Januari 1988 kwa mtayarishaji wa muziki Jack Endino mjini Seattle, Dale Crover akipiga ngoma, ni nzito na zenye kukwaruza, ilhali katika “Sliver” ya mwaka 1990 gitaa la besi linaisindikiza sauti ya mwimbaji wa bendi hiyo, Kurt Cobain, akisimulia kwa kinywa cha mtoto aliyeachwa kwa babu na bibi yake, kabla ya kiitikio kulipuka kwa kelele. Hapo ndipo ninapousikia ufundi wa Nevermind, albamu yao ya mwaka 1991, ukichipua. Hata mchoro wa jalada, ambao Cobain aliuchora mwenyewe, ulistahili kutajwa.

Msomaji wenu