Mwanangu, mgongo wa baba yako usikunyime usingizi

Mbukwa mwanangu. Voisi zako zote nimesikiliza, hata ile ndefu, nimeelewa unachosema kwamba baba yako akipasuliwa na daktari wa mifupa wewe hukubali, lazima awe wa ubongo na mishipa ya fahamu. Sasa naandika maana kwenye simu hunipi nafasi ya kuongea.

Kipimo cha MRI kimeonyesha diski, ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetoka, inabana mshipa wa fahamu. Ndo maana maumivu yanashuka kutoka tako mpaka mguuni na kidole gumba hakinyanyuki, kandambili ya kulia inamchomoka kila akienda bafuni halafu anaisingizia kandambili. Mzee wako huyo.

Hiyo operesheni ya kutoa kipande cha diski wanaifanya wote, wa mifupa na wa ubongo. Mimi nimestaafu unesi lakini chumba cha upasuaji nakijua, nimewashikia vifaa hawa na hawa. Ingekuwa uvimbe ndani ya utando wa uti wa mgongo wenyewe ningekuwa wa kwanza kumtaka wa ubongo, na ingekuwa mtoto mgongo umepinda ningekimbilia wa mifupa. Diski ya kiuno ni kazi ya kila siku kwa wote wawili.

Na usidhani natetea tu. Marekani walipekua rekodi za wagonjwa makumi ya maelfu wa upasuaji wa mgongo, utafiti ukatoka 2014, matatizo makubwa ya zile siku 30 za mwanzo yakawa karibu sawa, kilichojitokeza ni wagonjwa wa madaktari wa mifupa kuongezewa damu zaidi. Utasema si umeona! Ngoja kwanza. Hakuna aliyewagawa wale wagonjwa kwa kura, kila daktari alikuwa na wagonjwa wake na operesheni zake, na kufunga pingili kwa skrubu kunamwaga damu kuliko kutoa kipande cha diski, kwa hiyo hesabu hata ukiirekebisha vipi bado inabaki na walakini. Halafu siku 30 zinakwambia kidonda kimepona au hakijapona, hazikwambii kama baba yako mwakani atainama kwenye zabibu zake Hombolo bila kulia.

Mimi nitakachomuuliza daktari ni hiki: operesheni hii hii unafanya ngapi kwa mwaka, wangapi wamerudi kukatwa tena, na utando ukichanika katikati ya kazi unafanyaje. Anayejibu bila kununa ndo wangu, awe wa idara gani. Ukitaka maoni ya pili sikatai, MOI pale Muhimbili wana mifupa na ubongo taasisi moja, na siku hizi kwa treni ya SGR asubuhi unatoka Dodoma mchana uko Dar.

Shangazi yako yeye anataka tumpeleke kwa fundi wa kukanda. Nimemkatalia, usimpe nguvu kwenye grupu.

Kitu kimoja tu kitanifanya nisisubiri daktari yeyote wa kuchagua: mkojo ukigoma kutoka, au akipata ganzi huku kwenye mapaja kwa ndani na makalioni. Hapo usiku huo huo tunaenda hospitali, nimeshaongea na kijana wa bajaji jirani. Wewe hela ya gari acha, tuma ya nauli ya treni ya watu wawili na uangalie kadi ya bima ya baba kama bado inasoma.

Mama yako