Waroma walinyimwa haki hata mahakamani

Mhariri,

Sisi wapenzi wa riwaya za mahakamani tumezoea wakili akifukua ushahidi wa mauaji ya vitani hadi wauaji wanahukumiwa. Waroma, jamii ya wachache ya Ulaya yenye asili ya India (si watu wa mji wa Roma), wengi hawakuiona siku hiyo. Usiku wa Agosti 2, 1944, Wanazi waliwaua kwa gesi Waroma wapatao 4,300 katika kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau, Poland, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Linaloniuma zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1956, mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba Waroma kuhamishwa kwa nguvu na Wanazi mwaka 1940 hakukuwa ubaguzi wa rangi, bali hatua ya kuzuia uhalifu. Majaji waliosomea sheria wakaandika hivyo! Manusura wengi wakakosa fidia. Serikali ilikiri mauaji hayo ya kimbari mwaka 1982, wengi wameshazikwa. Na huko Lety, Jamhuri ya Czech, palipokuwa na kambi walimofungiwa Waroma wakati wa vita, nguruwe walifugwa kwa miongo kadhaa hadi serikali iliponunua banda hilo.

Naomba ukurasa wako wa vitabu uwape Waroma nafasi.

Msomaji wako,
Morogoro