Aitike Mwenyewe

Baba, Mama, na mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi huku ughaibuni sijambo, namshukuru Mungu. Habari kwamba mdogo wangu amesikia wito wa utumishi imenifikia, pamoja na habari kwamba nyumbani hamjakubaliana: Mama anataka aingie chuo cha theolojia muhula ujao, Baba anasema asubiri. Nimeona niandike kwa kirefu, maana jambo hili halimaliziki kwenye simu.

Mama, naanza na wewe. Najua unamfikiria Hana, aliyeweka nadhiri juu ya mwanawe Samweli kabla hajamchukua mimba. Lakini soma polepole 1 Samweli sura ya 3. Mtoto alikuwa ameshatolewa na mama yake, ameshavikwa naivera ya kitani, vazi la makuhani, analala hekaluni, na bado Bwana alikuja akamwita kwa jina lake. Nadhiri ya Hana ilimfikisha mahali pa kusikia. Kuitika kulibaki kwake Samweli. Mtazame na kuhani Eli: mara mbili kijana alimjia akidhani ndiye aliyemwita, akamwambia arudi kulala. Mara ya tatu akatambua, akamfundisha maneno ya kujibu, kisha akamrudisha tena mahali pake. Hakwenda kusimama kando yake, wala hakumjibia. Mama, hapo ndipo mipaka yako ilipo: mfundishe maneno, kisha mwache alale.

Kanisa limelijua jambo hili siku nyingi. Petro anawaagiza wazee walichunge kundi “si kwa kulazimishwa, bali kwa hiari”. Sheria ya Kanisa Katoliki inakataza kabisa kumshurutisha mtu kupokea daraja takatifu, na kabla ya kuwekwa shemasi au padre mhusika hutoa tamko aliloliandika kwa mkono wake na kulitia sahihi kwamba anaingia kwa hiari yake. Mkono wake, si wa mama wala wa askofu. Katika karne ya 4, Gregorio wa Nazianzo alipewa upadre kwa msukumo wa baba yake, aliyekuwa askofu. Akakimbia, na baadaye akarudi mwenyewe kutumika.

Baba, nawe una haki ya kutaka asubiri. Paulo anasema mashemasi wajaribiwe kwanza, na askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Ila kusubiri kwa kukaa hakumjaribu mtu. Anayekaa tu mwaka mzima mwisho wake atakuwa na shauku ileile na hofu ileile, na hakuna atakayejua zaidi. Ajaribiwe kwa kazi.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kwanza chukua daftari uandike ulichosikia: tarehe, ulikuwa unasoma nini au unaomba nini, na maneno yenyewe bila kuyapamba. Rudia kuyasoma baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu. Wito wa kweli aghalabu hurudi hata siku ambazo moyo umetulia. Jihadhari hasa na uamuzi uliofanywa ndani ya dhiki: baada ya msiba, kazi ikipotea, au uchumba ukivunjika. Si kwamba Mungu haiti watu katika dhiki, la. Ila machungu na wito hufanana sauti, na muda huzitenganisha. Jiulize pia: kama hutapewa kipaza sauti wala cheo, bado unaitaka kazi hii?

Usiogope kuogopa. Musa pale kwenye kijiti alitoa udhuru mara tano: mimi ni nani, jina lako nani, hawataniamini, ulimi wangu ni mzito, na mwisho, tuma mtu mwingine. Mara nne alijibiwa kwa subira. Hasira ya Bwana iliwaka mara ya tano, kwa sababu zile nne za kwanza zilikuwa maswali ya mtu anayepima uzito wa mzigo, na ya tano ilikuwa kukataa. Ukiwa na maswali, yapeleke yote kwa Mungu na kwa mchungaji wako. Augustino naye, walipomkamata na kumfanya padre kule Hippo mwaka 391, alimwandikia askofu wake kuomba muda wa kujifunza Maandiko kabla ya kuanza kazi. Kuomba muda wa kujiandaa ni namna mojawapo ya kuitika.

Kisha nenda kwa mchungaji, umwombe kazi moja ya kila wiki kwa miezi kumi na miwili, kazi isiyo na jukwaa. Elisha alitambulishwa mbele ya wafalme kama mtu “aliyekuwa akimimina maji juu ya mikono ya Eliya”. Kutembelea wagonjwa kunafaa sana. Kaa chini ili macho yenu yalingane, msikilize zaidi ya unavyosema, soma kifungu kifupi kama Zaburi ya 23, omba kwa sauti ya kawaida, na ndani ya dakika kumi na tano uwe umeaga. Kosa la wengi ni kuhubiri kitandani mpaka mgonjwa achoke. La pili ni baya zaidi: kuyatoa nje aliyokuambia, hata kwa jina la ombi la maombi.

Ukipewa nafasi ya kufundisha, chukua kifungu kimoja na dakika kumi na tano tu. Siku mbili baadaye waulize watu watatu walisikia nini. Wakikupa majibu matatu yasiyohusiana, somo halikuwa na uti wa mgongo. Rudi ukatafute sentensi moja ambayo kifungu kinasema. Andika wanayokuambia, hasa yanayouma. Kule Antiokia, Roho aliposema watengewe Barnaba na Sauli, alisema na kanisa lililokuwa likifunga na kuomba, na wenzao ndio waliowawekea mikono. Kama mwaka ukiisha na hakuna hata mmoja anayeona karama ndani yako, usilipuuze hilo.

Madeni ulipe kabla hujaomba chuo. Elisha alikuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe. Aliomba kwanza akawabusu wazazi wake, akachinja jozi moja, akaipika nyama kwa miti ya vyombo vya kulimia, akawalisha watu, ndipo akafuata. Aliondoka waziwazi, watu wakiwa wameshiba.

Na jambo hili wengi hawaambiwi. Ujumbe wa kwanza wa Samweli ulikuwa habari mbaya kwa Eli, mzee aliyemlea. Samweli akalala mpaka asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, huku akiogopa kumwambia. Wito haukumwondolea zamu ya milango.

Mkishaisoma barua hii pamoja, mwacheni aende kwa mchungaji peke yake. Nawe mdogo wangu, ukirudi niandikie ni kazi gani amekupa na unaanza siku gani, ili niombe kwa siku hiyo.

Ni mimi,
kaka yako